Mwanamume wa Nyumba ya Mokami

Nyamhanga hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na baba, ambaye angekuwa na ng'ombe. Hakuwa na dada, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa maana kijana wa kijiji cha Susuni asiye na urithi huoa kwa ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada yake. Dada akitoka kwa mlango huu, mke huingia kwa mlango ule. Hakuwa na kiwanja wala pikipiki. Hakuwa na ndevu za kumfanya asikilizwe mbele ya wazee. Hakuwa na kazi ya kudumu. Alifundisha kwa mkataba katika shule moja ya binafsi mjini Tarime, akapanga chumba Nyamisangura, chumba ambacho jirani akikaanga dagaa yeye hushiba harufu. Hakuwa na sauti nzito. Na tuseme ukweli, hakuwa hata na huzuni ya kuyakosa hayo yote, kwa sababu alikuwa na kitu kimoja alichokiona kinayazidi yote: shahada ya mambo ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Watu wa Susuni walipoulizwa Nyamhanga, kijana wa Mama Agness, aliyeitwa hivyo kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, alisomea nini chuo kikuu, walijibu kwamba alisomea maiti za Wazungu. Walijibu hivyo bila kucheka, na kutocheka kwao ndiko kulikokuwa dharau yenyewe.

Lakini huko chuo kikuu ndiko alikompata Mogesi, na mtu aliyempata Mogesi hawezi kusema amepoteza miaka. Darasa lao lilikuwa dogo kiasi kwamba mwalimu hakuita majina, alitazama viti. Siku moja Nyamhanga alisimama kusoma kwa sauti kipande cha Kigiriki. Alisoma kwa madaha, akinyoosha mkono kama mtu anayehutubia baraza la Athene. Kutoka kiti cha nyuma mtu akanong'ona kwa Kikurya kwamba huyu anasoma kama anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Nyamhanga aligeuka. Katika ukumbi ule, mbali na kwao, hakutegemea kusikia lugha ya mama yake. Macho yake yakakutana na ya msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyekuwa anajaribu kuuma midomo asicheke. Msichana hakuangalia pembeni. Wala Nyamhanga hakuangalia pembeni. Mwalimu alipomwomba aendelee, hakujua tena alikuwa ameishia wapi.

Mogesi alikuwa binti wa mzee Erasto wa Susuni. Alikuwa hodari kuliko Nyamhanga, na wote wawili walilijua hilo. Nyamhanga alilikubali kwa mapenzi, msichana alilikubali kwa kulitaja kila wiki. Walipendana kwa vitabu na kwa matani. Kabla ya kuhitimu Nyamhanga aliahidi kwamba wakirudi nyumbani ataandika barua ya posa. Wakarudi. Mvua za vuli zikaja zikaenda, za masika zikaja zikaenda, na barua haikuandikwa. Alikuwa amesikia kwamba mzee Erasto alisema kilabuni kuwa barua ya mtu asiye na ng'ombe ikifika kwake ataifungia tumbaku. Maneno hayo yalimtosha. Kuna wanaume wanaozuiwa na mto uliofurika, na kuna wanaozuiwa na kicheko cha mzee mmoja.

Wakati yeye anaogopa, mwingine alileta posa.

Mokami alikuwa mjane wa upande wa pili wa bonde, mwenye ng'ombe Susuni na wengine Kenyamonta kwa ndugu zake. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti zake walikwisha olewa na kutawanyika. Kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke wa namna hiyo huoa. Huleta posa na kutoa mahari kama mwanamume, humchukua msichana nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake, kwa jina la marehemu mumewe. Mwanamume wa kuwazaa hutafutwa. Huja, huondoka, na haitwi baba na mtu yeyote.

Barua ya Mokami ilisomwa mbele ya wazee, wakanywa, wakasema mila imetimia. Mzee Erasto alifurahi waziwazi. Mwanawe Nyangwine alikuwa ameshachagua mchumba Sirari, na ndugu za mchumba walikuwa wanasubiri ng'ombe. Wa Mogesi wangetoka kwa Mokami na kwenda moja kwa moja Sirari bila hata kulala zizini. Mogesi hakuulizwa. Alipewa habari kama anavyopewa mtu habari za hali ya hewa.

Na Mokami alikuwa na sharti moja. Alitaka msichana aliyesoma, na alitaka pia mbegu iliyosoma. Alikwisha uliza kijijini, akaambiwa yuko kijana wa Mama Agness. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya kanisa, Nyamhanga aliitwa nyumbani kwa mzee Erasto.

Alikuja amevaa koti. Mzee Erasto alikalia kiti chake chenye mgongo, Mokami alikalia kiti cha plastiki kilichowekewa kitambaa, na Nyamhanga akaonyeshwa kigoda kifupi ambacho magoti yalimfika kifuani. Akatoa shikamoo. Mzee Erasto alimaliza kwanza kujikuna shingo ndipo akaitikia. Mokami aliitikia haraka, akaanza kumtazama kama anavyotazamwa dume mnadani, kutoka kwato kwenda juu.

"Umesoma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Bado kuna shahada ya uzamili, mama. Natafuta nafasi ng'ambo."

"Basi hujafika mwisho. Sawa. Meno hayo ni yako yote?"

Nyamhanga alisema ni yake. Mokami akaridhika. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kununua vitu vizuri na kuvitunza. Akaeleza shauri lake bila kuzunguka.

"Ng'ombe ni wangu, nyumba ni yangu, mke ni wangu. Wewe utakuja jioni kama mtu anayepita kusalimia. Watoto ni wa marehemu bwana wangu. Ukitaka kuwaona utawaona, njia ni ya watu wote."

Mzee Erasto aliongeza kuwa kijana amshukuru Mungu, maana amepewa bila jasho msichana ambaye kwa jasho asingempata. Alisema haya akitazama ng'ambo ya bonde, kwa sababu hakuona haja ya kumtazama anayeambiwa.

Mwanamume mwingine angesimama na kuondoka. Mwingine angelia. Mwingine, mnyonge zaidi, angekubali huku akitazama chini, na hata huyo tungemwelewa. Nyamhanga alitabasamu. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota alichopoteza. Akatoa simu mfukoni akamwomba Mokami ruhusa ya kurekodi.

Akaanza kuuliza maswali. Je, mtoto wa kwanza akiwa wa kike? Je, Mokami akifariki, nani anaongoza nyumba? Mwanamume akifa, watoto hao wanahudhuria mazishi yake kama nani? Mokami, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa heshima namna ile, alijibu yote kwa raha. Na kila jibu lilipokuja, Nyamhanga aliitikia kwa kichwa na kusema ndivyo hasa, ndivyo hasa. Kisha akawaeleza. Zamani sana kulikuwa na mji wa Wagiriki ulioitwa Sparta. Huko mzee mwenye mke kijana, akiona nguvu zimemwishia, aliruhusiwa kumchagua kijana mwema, akamleta nyumbani, na watoto waliozaliwa wakawa wa mzee.

"Ni jambo lile lile, mama," alisema. "Tofauti ni kwamba kwenu mwenye nyumba ni mwanamke."

Mokami aliwaza kidogo. "Hao Wasparta wana ng'ombe?"

"Walikuwa nao, mama. Walishakufa."

"Wote?"

"Wote. Siku nyingi sana."

"Basi mila yao haikuwasaidia," alisema Mokami, akamgeukia mzee Erasto kuulizia chai.

Chai ilikuwa imefika. Mogesi alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi, na alikuwa amesimama pale tangu swali la mazishi. Asubuhi ile kanisani alikuwa ameomba jambo moja tu. Hakuomba ng'ombe, wala hakuomba moyo wa baba yake ulegee. Aliomba Nyamhanga akasirike.

Aliweka sinia mezani polepole, bila kikombe kugongana na kingine. Akamimina. Akampa Mokami, akampa baba yake. Nyamhanga aliponyoosha mkono, alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa aje aone ndama aliyezaliwa juzi. Mzee Erasto alipunga mkono kuwaruhusu. Hakuna anayemlinda binti dhidi ya mtu wa kigoda.

Hawakwenda kwa ndama. Walisimama nyuma ya ghala la mahindi, pale ambapo kutoka barazani mtu huona miguu tu.

"Zima hiyo simu."

"Nimezima. Mogesi, umesikia alivyoeleza? Ni Sparta tupu. Yule profesa wa ng'ambo niliyemwandikia aliniambia nikipata mada ambayo haijaandikwa na mtu, nafasi ni yangu. Hii hapa. Nani mwingine anaweza kuiandika? Anayejua Kigiriki hajui Kikurya, anayejua Kikurya hajui Kigiriki."

"Na mimi nimo?"

"Wewe ndiwe ushahidi wenyewe."

"Nimo sura ya ngapi?"

Mtu yeyote aliyewahi kupendwa na mwanamke angeisikia hatari katika swali lile. Lakini Nyamhanga alikuwa mtu wa usahihi. Alitazama juu, akapanga kichwani.

"Ya tatu," alisema. "Ya kwanza ni Sparta, ya pili ni mila kwa ujumla. Ya tatu ndiyo mfano hai."

Mogesi alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama paji la uso, macho, kola ya koti iliyogeukia ndani. Mahali pote ambapo zamani macho yake yalikuwa yakipumzika. Alikuwa anatafuta pa kushika.

"Mfano hai," alirudia. "Nashukuru hujaniweka na marehemu."

"Usichukulie hivyo."

"Kuna kipande umekisahau. Tulikisoma wote. Sparta mwanamume aliyekaa bila kuoa alitembezwa uchi sokoni wakati wa baridi, akiimba wimbo wa kujikashifu. Andika na hiyo. Weka sura ya nne, na jina lako."

"Mimi sikukataa kuoa, Mogesi. Sina..."

"Usichonacho nakijua. Susuni nzima inakijua, hata watoto wa kuchunga. Mimi sijawahi kukuomba ng'ombe. Nilikuomba barua. Umeandika kurasa na kurasa juu ya watu waliooza kabla ya babu wa babu yako, mimi ninayepumua hukuniandikia mstari mmoja."

"Baba yako alisema ataifungia tumbaku."

"Angeifungia. Angevuta jina lako mchana kutwa. Angalau lingekuwa limeingia ndani ya nyumba."

Nyamhanga akajaribu kusema kwamba kwa shauri la Mokami wangekuwa pamoja, kwamba hiyo ni njia nayo, kwamba upendo hauhitaji jina. Alisema hivyo bila kuamini, na Mogesi aliona kuwa hakuamini, na hilo lilimkasirisha kuliko kama angeamini.

"Utakuja jioni," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku moja mtoto atakukuta njiani. Ni mtoto mwenye adabu, nimemlea mimi. Atakupa shikamoo. Ukishapita ataniuliza, mama, yule ni nani? Nimjibu nini, Nyamhanga? Nimwambie ni mtafiti?"

Akageuka upesi akitazama ghala, na Nyamhanga akaona shingo yake tu, na namna mabega yalivyokuwa yanakataa kutikisika. Alitaka kuigusa shingo ile. Alikuwa ameitamani tangu ukumbi ule wa chuo, kiti cha nyuma. Mkono wake uliinuka, ukabaki hewani, ukashuka. Kisha akafanya jambo ambalo Mogesi hakulitegemea. Akarudi barazani peke yake.

Hakukalia kigoda. Alisimama mbele ya Mokami, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

"Mama Mokami, nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Sitaweza."

"Kwa nini?" aliuliza Mokami.

"Sitaki mtoto wangu aulize mimi ni nani."

Neno la mwisho nusura lisisikike. Lakini lilikuwa neno lake mwenyewe. Halikutoka Athene wala Roma. Mokami alitikisa kichwa taratibu. Alisema angalau huyu amekataa mbele ya uso wake, maana amewaona wanaokubali na kula kuku wa wenye nyumba halafu wakakimbilia Kenya.

Mzee Erasto alicheka. Alicheka vizuri, akafuta macho.

"Mura, kijana, umekataa cha bure," alisema. "Haya basi, oa kwa chako. Nakusikiliza."

Na akanyamaza, kweli akisikiliza. Mlango ulikuwa umefunguliwa, hata kama ulifunguliwa kwa dhihaka. Mwanamume yeyote angeweka mguu. Angesema nitaleta barua, nitaleta wajomba, nipe muda. Nyuma ya ghala Mogesi alikuwa ameshikilia gogo la ghala kwa mikono miwili. Nyamhanga alifungua mdomo. Alifunga. Akasema aondoke kabla mvua haijamkuta.

"Nenda," alisema mzee Erasto. "Ukifika Ugiriki utusalimie."

Akaondoka, koti likimpwaya mgongoni. Mogesi alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Nusu yake ilikuwa inajivuna, nusu nyingine ilikuwa inaona aibu, na hakujua nusu ipi ndiyo inayotoa machozi.

Mokami naye aliinuka. Alisema mwanamume atapatikana, wanaume hawajawahi kuadimika. Lakini macho ya msichana alikuwa ameyaona. "Mimi sioi mtu anayelia," alimwambia mzee Erasto. "Nitarudi Alhamisi. Nataka nisikie kwa mdomo wake. Akisema hapana, nina kwingine pa kwenda." Mzee Erasto alimhakikishia kwamba mdomo wa binti yake ni mali ya baba yake, na Alhamisi utasema kilichopangwa. Mogesi alipoyasikia hayo alikumbuka mhadhara juu ya baba wa Kirumi, aliyekuwa na mamlaka juu ya watoto wake hata wakiwa watu wazima wenye mvi. Alikuwa amepata alama za juu katika somo lile. Kumbe alisomeshwa ili ayajue mateso yake kwa majina.

Jumatatu asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Tangu wahitimu alikuwa akimsaidia rafiki yake Kauthar katika duka la vifaa vya ofisi hapo Nyamisangura, akichapa na kutoa nakala. Kauthar alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa akasahau kurudi. Alikuwa anawadharau wanaume wote kwa usawa, isipokuwa wateja.

Kauthar hakumsalimia kwanza. Alimwambia kuwa Nyamhanga alikuwa pale dukani tangu linafunguliwa, kutoa nakala za vyeti. Anatuma maombi ya kwenda ng'ambo. Macho yalikuwa mekundu, na nakala moja alitaka itolewe upya kwa sababu aliilowesha.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza kama umefika. Halafu akaniomba nisikwambie kwamba ameuliza." Kauthar alipandisha miwani. "Mwanamume akishaomba hivyo, mwenzangu, ujue hajaenda popote. Mwili tu ndio unatafuta viza."

Mogesi hakucheka. Akakaa kwenye kompyuta. Kazi ya kwanza ilikuwa barua ya posa ya mtu mwingine, kama zilivyo nyingi pale dukani. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akimsomea, sisi wazazi wa kijana wetu tumeona ua katika bustani yenu. Mogesi alichapa. Alikuwa amechapa maua na bustani za watu wengi. Alipofika mahali pa jina la mwenye kuposa, mikono ikasimama.

Aliwaza barua ya Mokami. Aliiona mwenyewe siku ile ikipita mkono kwa mkono. Jina la mwanamke lilikuwa pale chini, na wazee waliisoma wakanywa. Hakuna aliyesema huyu ni mwanamke. Hakuna aliyeifungia kitu. Baba yake aliikunja vizuri akaiweka ndani ya Biblia.

Alimaliza barua ya mzee, akampa, akamtakia heri. Kisha akaomba karatasi na kalamu.

"Ya nini?" aliuliza Kauthar.

"Ya posa."

"Nani amekuposa tena?"

"Hakuna. Ninaposa mimi."

Kauthar alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akamkuta Mogesi bado ni yule yule. "Kwa upande wa dini yangu sijui nikwambie nini," alisema. "Kwa upande wa biashara, unataka ya maua au nyeupe?"

"Nyeupe."

Kauthar alimpa, lakini hakuachilia ukingo wa karatasi. Alisema mambo haya hayapo. Mogesi alisema yapo, yako ndani ya Biblia ya baba yake. Mwanamke ameposa Susuni, na wazee wamesema mila imetimia.

"Mokami ameposa mwanamke."

"Kwa sababu anahitaji watoto. Mimi nahitaji mwanamume. Kila mtu anaposa anachohitaji."

"Na ng'ombe?"

"Watafuata kidogo kidogo, kama wanavyofuata wa wanaume wote wa Susuni."

"Na kaka yako?"

"Nyangwine ana mikono. Aipeleke Sirari ikaonekane."

Kauthar aliachilia karatasi. Alitaka kucheka akaona haifai. Alikuwa ameyaona macho ya rafiki yake. Akavuta kiti karibu, akauliza kwa upole ambao hakuwa nao kila siku. "Mogesi. Huyo mtu anastahili?"

"Hapana."

"Basi?"

"Nimejaribu kumpenda anayestahili. Nimeshindwa." Aliinamisha kichwa, akaandika tarehe. "Jana alisimama, Kauthar. Alisimama nusu. Hiyo nusu nyingine nitaisimamisha mimi. Lakini siwezi kumsubiri tena akiwa amekaa."

Aliandika kwa mkono, bila kufuta. Kauthar alisoma juu ya bega lake, na mara mbili alisema ashakum, na hakumzuia.

Mama Agness, shikamoo.

Mimi Mogesi binti Erasto naleta posa kwa mwanao Nyamhanga. Najua si kawaida, lakini ya kawaida nimeyasubiri yakanichosha. Ni mwoga, mama. Usihangaike kunificha, nimeshaona. Anawapenda waliokufa kuliko walio hai, na hilo nitalivumilia kwa kuwa hao waliokufa nawafahamu na mimi, na si wote wabaya. Akitaka kwenda ng'ambo kusoma aende, lakini aende akiwa mume wa mtu. Nyumba itakuwa yetu sote wawili. Watoto watamwita baba, tena kwa sauti, tena barabarani.

Baba yangu nitamwambia mimi mwenyewe leo jioni. Mama Mokami nitamwambia Alhamisi, naye nitamwambia kwa heshima, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyetaka kunisikia.

Jibu nipewe mimi. Akikubali aje yeye, kwa mchana, kupitia lango la mbele. Akikataa aandike. Asitume salamu wala asiseme kwa mdomo, maana mdomo wake naujua.

Alitia sahihi jina lake lote. Akaweka kalamu chini.

Kauthar aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha nyeupe. Aliuliza ni nani mshenga. Mogesi alisema hajamfikiria. Kauthar akasema posa bila mshenga ni tangazo, na yeye kwa uzito wake hakuna atakayemfukuza mlangoni kirahisi. Akavaa baibui, akamwita mwendesha bodaboda aliyekuwa anasinzia kivulini, akamwonya kwamba leo habebi abiria, anabeba heshima ya mtu, hivyo mashimo ayaone mapema.

Kisha akarudi mezani. Alipaka gundi kwenye ukingo wa bahasha taratibu, kona hadi kona, akaukandamiza kwa kiganja akihesabu kimoyomoyo mpaka uliposhika. Akaifunga ndani ya leso safi, kama ifungwavyo posa ya nyumba yoyote inayojiheshimu, akaitia kifuani.

"Nikishapanda hairudi," alisema.

"Panda," alisema Mogesi.

Pikipiki iliwaka, ikapinda kona ya sokoni, ikashika barabara ya Susuni.